Mwenyekiti Alipokwenda Kuwatembelea Wanakwaya

Kazi yangu mimi ni kutenga. Miaka kumi na saba nimesimama kwenye meza ndefu ya bati katika chumba cha kufulia cha hospitali, nikitenga shuka za wodini na magauni ya chumba cha upasuaji, nyeupe huku, za kijani kule, na zile zinazokuja kwenye mifuko miekundu haziguswi na mtu asiyevaa glavu. Akija mgeni kazini, mkuu wa zamu humleta kwangu kwanza, nami humwambia maneno yale yale: maji hayana siri, ukitia vitu viwili ndani yake, kimoja kitaachia kilicho nacho na kingine kitapokea. Huwa nalisema hilo kwa sauti ya mtu aliyesoma sana, ingawa shule niliishia ya msingi na hesabu za sehemu mpaka leo tumenuniana.

Nalitaja mapema ili msomaji ajue kwamba niliyoyafanya sikuyafanya kwa kukosa elimu.

Nina mtoto mmoja tu, binti. Mtaani wanamwita Daktari. Zamani walimwita hivyo kwa kejeli, kwa kuwa alikuwa akiwafunga kuku bendeji miguuni. Siku hizi yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha afya ya mifugo, nao wanamwita vile vile, ila wanakuja na mbuzi. Tangu baba yake atangulie mbele ya haki, mimi namwangalia kama maziwa yaliyo jikoni: nikigeuza shingo tu, naona yatafurika. Humpigia simu kumuuliza kama amekula. Humpigia tena kumuuliza alikula nini. Mara ya tatu husema nimebonyeza kwa bahati mbaya.

Chumbani kwake kulikuwa na masanduku mawili ya kioo yenye vifuniko vya wavu. Katika la kwanza alikaa chura mmoja mkubwa kama ngumi ya mwanamume, rangi ya udongo, ngozi ya vipele, na nyuma ya kila jicho ana nundu. Anakaa kutwa pale pale, tumbo mbele, mdomo umefungwa, anakutazama kama umechelewa kikao. Tulimwita Mwenyekiti. Katika sanduku la pili, lenye majani mabichi na beseni dogo la maji, walikaa vyura wanne wadogo wa kijani, kila mmoja anaenea kwenye kijiko cha chai. Hao walikuwa Wanakwaya. Wawili madume, ambao jua likizama huvimbisha koo na kuimba, na wawili majike, ambao husikiliza, au hujifanya wanasikiliza.

Wanakwaya hawakuwa wa mchezo. Walikuwa kazi ya mwisho ya chuo. Kila jioni kwa miezi mitano binti yangu aliandika kwenye daftari: nani ameimba, kwa muda gani, kulikuwa na joto au baridi. Mwalimu wake alimwambia sharti moja tu, siku ya kuwasilisha kazi lazima awepo angalau dume mmoja hai anayeimba, wamsikie wenyewe. Bila hivyo, aanze upya mwaka unaofuata.

Basi chuo kikampeleka kwenye shamba la ng'ombe, mbali, wiki mbili za mafunzo ya vitendo. Jumapili asubuhi, begi mgongoni, akaniita chumbani.

"Mama, maelekezo yote nimeyaandika kwenye karatasi hii."

"Mimi nimekulea wewe bila karatasi."

"Ndiyo maana nimeandika," akasema. Kisha akaonyesha kwa kidole sanduku hili na lile. "Wadogo wanyunyizie maji asubuhi na jioni. Mkubwa hapendi unyevu. Na hawa na huyu hawakai pamoja."

Nikaitikia. Neno hilo nililisikia vizuri sana, na hapo ndipo palipoharibikia. Hawakai pamoja. Mimi nilichukulia ni habari, sikuona kama ni katazo. Hata mimi na wifi yangu hatukai pamoja. Yeye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mimi nakaa kwangu, lakini tunatembeleana.

Siku tatu za kwanza nilistahili cheti. Nilinyunyiza, nilihesabu, niliwapa wadogo vijinzi vya matunda na mkubwa nyenje kutoka kwenye kopo. Jumatano Mwenyekiti akagoma kula. Nyenje alimpita mbele ya pua, akarudi, akampanda kichwani, akakaa huko akipunga mapembe. Mwenyekiti hakutikisika. Alhamisi alfajiri, vile vile.

Nikaketi kitandani kwa mwanangu nikamtazama. Mimi mwenyewe tangu Jumapili chakula kilikuwa hakipiti. Nilikuwa naandaa sahani mbili kwa mazoea, narudisha moja kabatini. Nikamtazama yule chura peke yake kwenye mchanga mkavu, na ng'ambo ya pili wenzake wanne wako majanini, wamegusana mabega. Nikajiambia, huyu mgonjwa wa upweke. Chura ni chura. Wakubwa na wadogo, wote lugha yetu imewapa jina moja, na waliotunga lugha hawakuwa wajinga.

Sikumhamisha, naomba hilo lieleweke. Nilimpeleka kutembea tu kwa Wanakwaya. Nilikusudia akae nusu saa, nikinywa chai, kisha nimrudishe kwake. Nilimbeba kwa mikono miwili, naye akanikojolea kwenye kiganja, nikaona ni furaha.

Chai haijapoa, simu ikalia. Mkuu wa zamu.

"Dada, njoo haraka. Yule mama mpya ametia gauni la kijani kwenye mashine ya shuka. Shuka arobaini zimetoka rangi ya mchicha."

Nilivaa viatu nikiwa njiani. Na asubuhi ile nilimkalisha yule mama mpya kwenye kiti, mimi nimesimama, mikono kiunoni, nikamsomea somo zima. "Hukuambiwa utenge? Unafikiri tunatenga kwa kupendeza macho? Nguo moja tu yenye rangi yake inatosha kuharibu mashine nzima." Alilia kidogo. Niliporidhika kwamba ameelewa, nikampa leso yangu.

Saa kumi jioni nikarudi nyumbani, mguu mmoja mlangoni, nikakumbuka nina mgeni matembezini.

Mwenyekiti alikuwa ameketi katikati ya lile beseni la maji, amelijaza lote. Juu kabisa kwenye pembe ya kioo, karibu na wavu, walikuwa wamebandikana Wanakwaya. Watatu. Nikahesabu kutoka kushoto, nikahesabu kutoka kulia. Nikainua majani moja moja, nikaangalia chini ya kitanda, nikaangalia ndani ya viatu vya mwanangu. Mwishowe nikamtazama Mwenyekiti. Akafumba macho taratibu, yale macho yakazama kichwani kama anameza kitu kilichobaki, akafumbua.

Nilimrudisha kwake bila kusema naye. Maji ya beseni nikayaangalia, yalikuwa yanang'aa kwa usafi. Nikayaacha.

Saa moja usiku binti yangu akapiga kama kawaida.

"Wanaendeleaje, mama?"

"Wazima."

"Mwenyekiti amekula?"

"Amekula," nikasema. Hilo halikuwa uongo.

"Na hawa wengine, wameimba?"

"Nilikuwa jikoni, sikusikia vizuri." Jikoni kwangu na chumba chake vinatenganishwa na pazia.

Ijumaa nilikuwa na mapumziko. Mchana wifi yangu akaja kurudisha ungo, na kwa kuwa mimi sina mwingine wa kumwambia, nikamwambia. Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Ana moyo mzuri, ila mdomo wake huwa unatangulia kufika.

"Yaani wewe," akasema, "unayefua hata vitambaa vya chooni kando na vya mezani, ndiye umemfungulia mla watu mlango."

"Alikuwa mpweke."

"Hata mimi ni mpweke, wifi, mbona hujaniletea mtu nimle?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya maelekezo, naisoma kwa mara ya kwanza kwa makini. Wifi akaichukua mkononi mwangu akaigeuza. Nyuma nako kulikuwa na maandishi. Mstari wa juu kabisa ulisema: "Mkubwa anaweza kukaa siku nne au tano bila kula, usihangaike." Nikakaa chini.

"Sasa sikiliza," wifi akasema. "Nyuma ya kiwanda cha matofali kuna mtaro umejaa vyura. Tunachukua mmoja mdogo, tunamtia humo, hesabu inatimia. Chura ni chura, nani atajua?"

Nilipoyasikia maneno yale yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, ndipo nilipoona yalivyo mepesi. Lakini nilikwenda. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfanyakazi wa hospitali, nimepiga magoti ukingoni mwa mtaro na beseni la kufulia, na wifi yangu amesimama kwenye tofali akinielekeza, "Huyo, huyo, kulia kwako, si huyo, huyo ni jani." Mpita njia mmoja alitusalimia, akauliza tumepoteza nini. Wifi akajibu, "Heshima."

Tulimpata mmoja, rangi ya tope, mrefu wa miguu. Hakufanana na Mwanakwaya hata kwa mtu aliyefumba macho. Tukamfunika na ungo, tukarudi.

Nilipoinua kifuniko cha wavu nimtie, nikaona. Mmoja wa wale watatu alikuwa amelala ndani ya beseni la maji, miguu ya nyuma imenyooka. Nilimgusa kwa jani. Mguu ulitetemeka kidogo, ukatulia. Mwingine alikuwa ukingoni mwa lile beseni, anapanua mdomo na kuufunga. Wa tatu alikuwa bado juu kwenye kioo, lakini ameshikilia kwa miguu mitatu tu.

Wifi akaweka beseni chini pale mlangoni, ungo juu yake. 

Nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja. Wale wawili waliobaki watakufa kabla ya usiku kuingia, na sijui kwa nini. Mtu pekee anayejua ni yule niliyekwisha kumdanganya jana. Mimi ambaye humpigia kumuuliza kama amebeba mwavuli, vidole vilikataa kubonyeza. Wifi ndiye aliyenishika mkono.

"Piga. Atakasirika akiwa mbali, ni nafuu kwako."

Nikapiga. Nikasema yote bila kupumzika, kuanzia nyenje kichwani mpaka mtaro. Upande wa pili nilisikia ng'ombe wakilia, kisha mlango ukafungwa.

"Maji ulibadilisha?" akauliza.

"Yalikuwa masafi."

"Yalionekana masafi, mama. Zile nundu nyuma ya macho yake zina sumu. Akishtuka anaitoa, kama maziwa. Akikaa majini, inaingia majini. Yeye haimdhuru. Hawa wadogo ngozi yao inanyonya kila kitu."

"Kama rangi inayochuja."

"Kama rangi inayochuja. Ila hii huioni kwenye shuka."

 Akilini nikamwona yule mama mpya na leso yangu.

"Sasa nisikilize," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima kuliko mimi. "Huyo wa mtaroni hujamtia ndani?"

"Yumo chini ya ungo."

"Arudi alikotoka, na beseni hilo usilisogeze chumbani. Chura wa nje anaweza kuja na ugonjwa wa ngozi unaomaliza wote. Halafu chini ya meza yangu kuna madumu mawili ya maji."

Hapo nikakohoa. "Moja nilipigia deki Jumanne. Nilidhani ni maji yaliyolala."

"Ni maji yaliyolala. Yanatakiwa yalale, dawa ya bomba itoke."

"Moja limebaki."

"Basi tumia hilo. Osha mikono, isiwe na sabuni hata kidogo. Chukua vyombo viwili safi, kila mmoja chake. Wasuuze."

Mara ngapi, nikauliza. Mara tatu, akasema, na mara zote maji mapya. Kusuuza mara tatu najua. Wifi alikwenda mtaroni na beseni lake, mimi nikapiga magoti sakafuni, simu iko kwenye kiti imewekwa sauti ya juu, nikammwagia yule wa kwanza maji taratibu kwa kijiko, mgongoni, tumboni, nikamwaga, nikarudia. Mikono yangu ambayo hukamua mablanketi ilikuwa imebeba kitu chenye uzito wa kifungo cha shati. Kisha wa pili. Kisha nikatoa majani yote ya lile sanduku, mchanga, beseni, nikaweka karatasi laini zilizoloweshwa maji yale yale.

"Wamebaki madume au majike?" binti yangu akauliza mwishoni.

"Nitajuaje?"

"Dume ana ngozi ya njano iliyolegea kooni."

Nikasogeza uso. Wote wawili walikuwa wamekunja shingo kama wazee wanaosikia baridi. "Wamejikunyata. Sioni koo."

"Usiwashike tena. Tutasikia wenyewe," akasema. Akaongeza, "Kama yupo wa kuimba."

Simu yangu ni ya vibonyezo, haitumi picha. Kwa hiyo tulibaki na masikio. Jumamosi jioni nikaweka kigoda kando ya sanduku, nikakaa. Kimya. Saa moja akapiga.

"Wameimba?"

"Hawajaimba."

"Sawa."

Jumapili, hawajaimba, sawa. Jumatatu, hawajaimba, sawa. Hakunigombeza hata mara moja, na mimi nilikuwa nimejiandaa kugombezwa kwa namna zote. Nilijikuta nampigia simu mara moja tu kwa siku, maana kila nilipotaka kuuliza kama amekula, niliona sina uso wa kumwuliza mtu habari za kula.

Kazini nilimwendea yule mama mpya kwenye meza ya kukunjia. Nikamwambia zile shuka zinaweza kung'arishwa tena, na kwamba hata mimi nimewahi kuchanganya. Akaniuliza lini. Nikamwambia zamani kidogo. Ilikuwa siku tano.

Wifi alipita Jumanne jioni akanikuta kwenye kigoda, sikio kwenye kioo.

"Umeanza kusikiliza vyura. Siku wakikujibu, niite nishuhudie."

"Kaa kimya, huenda ni wewe unayewatisha."

Alikaa. Wifi yangu alikaa kimya nusu saa nzima, na kama hilo lingeandikwa kwenye daftari la chuo, wasingeamini.

Jumatano ilinyesha kidogo mchana. Jua lilipokuwa linaondoka dirishani nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikasikia mlio mmoja, mdogo, kama mtu amegonga glasi kwa ukucha. Nikadhani ni bomba. Ukaja tena. Nikainama. Yule aliyekuwa juu kwenye kioo alikuwa na kipovu cha njano kooni kikubwa kuliko kichwa chake.

Nilipiga simu bila kuangalia saa, nikaiweka kwenye wavu. Sikusema lolote. Tulisikiliza, yeye huko na ng'ombe wake, mimi huku na sindano yangu. Baadaye akasema polepole, "Ni yule wa pili. Wa kwanza sauti yake ilikuwa nyembamba."

"Basi wa kwanza ndiye..."

"Ni mmoja wa wale waliokufa. Ndiyo."

Nikasema samahani. Nilikuwa sijalisema bado, siku zote zile nilikuwa nimeeleza tu.

"Nimesikia, mama," akasema. "Andika kwenye daftari. Jumatano, baada ya mvua. Andika na dakika."

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa kupinda. Dakika kumi na moja.

Alirudi Jumamosi akinuka zizi. Aliingia chumbani kabla ya kunywa maji, akachuchumaa mbele ya wale wawili, akawaangalia koo. Aliyebaki na yule mwimbaji alikuwa jike. Akaniuliza yule mwingine nimemzika wapi, nikamwonyesha chungu cha maua nje, naye akatikisa kichwa tu. Kisha akafungua daftari akaanza kuandika habari yote, na mimi nikasimama nyuma yake nikijifanya nakunja nguo.

"Utaandika jina langu?"

"Nitaandika 'kosa la mtunzaji'."

"Weka na kwamba alikuwa na nia njema."

"Hakuna nafasi ya nia kwenye jedwali, mama."

Siku ya kuwasilisha kazi, dume aliimba mbele ya walimu watatu. Walimpa alama nzuri, ila mmoja, binti yangu aliniambia, alisoma ule ukurasa wa mtunzaji mara mbili na kuomba nakala awasomee wa mwaka wa kwanza. Sasa kuna darasa zima la vijana wanaonijua bila kunijua.

Mwezi uliofuata akaitwa tena shambani, wiki nzima. Nilimsaidia kufunga begi. Nilitaka kuuliza na sikuuliza, nikawa nakunja soksi moja mara nne.

"Wadogo nawapeleka kwa mwalimu," akasema bila kunitazama. "Nimeshamwomba."

"Umefanya vizuri," nikasema, na kweli nilimaanisha, ingawa ilinichoma pale pale nilipotarajia. Nikaendelea na soksi.

Akachukua kopo la nyenje kutoka rafuni akanipa mkononi.

"Huyu mkubwa utabaki naye. Huyu hata wewe, mama, itakuwia vigumu kumuua."

Nikamwambia nitajitahidi. Nilipoona nimejibu vibaya, yeye alikuwa amekwisha kukaa juu ya begi, anacheka.